Tundu Lisiloonekana: Mazungumzo juu ya Kuanguka Kupitia Paani



Wakala umezoea kuja kwenu kuzungumza juu ya mizani, risiti na bidhaa zilizokwisha muda wake. Leo nimekuja na jambo ambalo huenda wengine mkaliona kuwa ni la viwandani na la wenye magorofa, lakini kila aliyewahi kumwita fundi aje azibe panapovuja, asimike paneli ya umeme wa jua, arekebishe dishi la televisheni au kusafisha tangi la maji lililo juu ya nyumba, amekwisha kununua huduma inayomtaka binadamu mwingine asimame mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili ya kusimama. Huduma hiyo ina bei tunayoijadili, na ina hatari ambayo mara nyingi hatuijadili hata kidogo.

Naomba nianze na habari ya mjomba wangu. Alikuwa fundi wa kupaua kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi nilipokuwa mdogo nilijivunia kumwona akitembea juu ya kenchi kama mtu anayetembea barazani. Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekaribia, aliitwa kwenye ghala kuziba bati lililokuwa likivuja juu ya mizigo. Paa la ghala lile lilikuwa limepakwa rangi upya ili lipendeze, na mpaka rangi hakuchagua: alipaka mabati ya chuma, akapaka pia mabati ya mwanga, yaani yale ya plastiki yanayopitisha jua ili ndani pasiwe giza. Kutoka juu, paa lote likawa na sura moja. Mjomba alipanda asubuhi na mapema, akazunguka ukingoni kwa uangalifu mkubwa, akafika katikati, akakanyaga. Sakafu ya ghala ilikuwa ya zege.

Mungu alimnusuru maisha. Lakini nyonga ilivunjika, uti wa mgongo ukaumia, na tangu siku ile hatembei bila magongo. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimwuliza aliteleza vipi, naye kila mara alijibu hivi: “Sikuteleza. Nilikanyaga tu.”

Maneno hayo mawili yamenifundisha jambo kuliko vitabu nilivyosoma. Tunapofikiri juu ya kuanguka kutoka paani, mawazo yetu huenda ukingoni: tunamwona mtu anateleza, anabingirika, anatoka nje ya ukuta. Kwa hiyo fundi huogopa ukingo, na mwenye nyumba humwambia, “Angalia pembeni!” Katikati ya paa ndipo anapojiona yuko salama, na ndipo anapogeuka, anapovuta bati jipya, anapopiga simu, anaporudi nyuma hatua mbili ili atazame kazi yake. Ukingo humwonya mtu kwa macho. Tundu lililofunikwa halimwonyi.

Yanipasa nieleze vizuri tundu ninalolisema ni lipi, kwa maana si tundu moja.

La kwanza ni hilo la bati la mwanga. Plastiki ikikaa juani miaka mingi hupauka na kuwa kavu. Mwali wa jua huivunjavunja ndani kwa ndani, ikapoteza ule ulaini uliokuwa ukiifanya ijipinde bila kupasuka. Vumbi na kuvu huifunika mpaka ifanane na jirani zake za chuma. Hata likiwa jipya, bati la namna hiyo limetengenezwa ili lizuie mvua na kuruhusu mwanga; halikutengenezwa ili libebe mtu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu dukani utamsikia muuzaji akikwambia kwamba lake ni gumu, kwamba unaweza hata kurukaruka juu yake. Ukiambiwa hivyo, mwombe akuandikie kwenye risiti. Utaona kalamu inavyokuwa nzito.

La pili ni paa la zamani la vigae vya saruji iliyochanganywa na asbesto, ambavyo bado viko kwenye baadhi ya majengo yaliyojengwa miongo mingi iliyopita. Kigae hicho hakitoi mlio wa onyo. Hukatika ghafla kama sahani. Tena kina ubaya wa pili, kwa kuwa vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Paa la namna hiyo si la kumpandisha fundi wa kawaida mwenye nyundo na ngazi, na si la kulikata kwa msumeno ili upate kipenyo.

La tatu ni tundu la makusudi: nafasi iliyoachwa kwenye zege la juu kwa ajili ya ngazi, bomba, au mlango wa kutokea paani. Nyumba inapojengwa kwa awamu, kama wengi wetu tunavyojenga, fedha ikipatikana tunaendelea na ikikatika tunasimama, nafasi hizo hukaa wazi miezi au miaka. Mtu mwema huja akaweka juu yake ubao mwembamba, kipande cha silingi bodi, au hata boksi, ili majani na maji yasiingie. Nia yake ni njema, lakini ametega mtego. Tundu lililo wazi mtu huliona. Tundu lililofunikwa kwa boksi mtu hulikanyaga.

Kuna aina moja ya ajali ambayo hujirudia mahali pengi duniani, nami naomba mafundi mliopo mnisikilize hapa. Kijana, kwa kawaida saidia fundi, anatumwa kuondoa mbao zilizotapakaa juu ya zege. Anainama, ananyanyua ubao mpana kwa mikono miwili, ubao unasimama mbele ya uso wake na kuziba macho yake, anapiga hatua mbele. Ubao ule ndio uliokuwa kifuniko. Amejifungulia tundu kwa mikono yake mwenyewe, na hatua yake ya kwanza ni ndani yake. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Marekani, kwa mfano, zinataka kifuniko cha tundu kihimili angalau mara mbili ya uzito wa watu na vifaa vitakavyopita juu yake, kifungwe kisisogee, na kiandikwe waziwazi kwamba ni kifuniko au kwamba chini yake pana tundu. Kwetu hakuna linalotuzuia kufanya vivyo hivyo. Misumari minne na kopo la rangi nyekundu havijamfilisi mtu.

La nne hamtaliona hata mkipanda paani, kwa sababu liko chini ya paa. Ni dari. Fundi umeme anaingia darini kupitisha waya, kuna giza, kuna joto, anashika tochi kwa meno. Kati ya mbao na mbao kuna ubao wa jipsamu usioweza kubeba hata mtoto. Akikosea kwa kiganja kimoja cha mguu, anashukia sebuleni.

Sasa, wapo wanaosema: nyumba yangu ni ya chini tu, si ghorofa. Hesabu yake ni fupi. Anayeanguka kutoka mita 4 hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, na hugonga sakafu kwa mwendo wa karibu kilomita 32 kwa saa. Ni mwendo wa bodaboda katika barabara ya mtaani, ila bodaboda hii inampiga mtu na zege, naye hana muda wa kunyoosha mkono. Mita 4 si kimo kikubwa. Paa la nyumba nyingi za kawaida lina kimo cha kukaribiana na hicho pale katikati, kwenye kofia.

Nirudi kwenye upande wetu sisi wanunuzi, kwa kuwa kijitabu hiki ni chenu na si cha mafundi peke yao. Nitasema jambo ambalo halipendezi. Tunapobishana bei na fundi, kitu cha kwanza kinachoondoka kwenye hesabu si msumari wala bati. Ni jukwaa. Ni mbao za kukanyagia. Ni msaidizi wa kushika ngazi. Fundi anajua kwamba asipopunguza, nitamwita mwingine. Anapunguza pale ambapo mimi sitaona tofauti kazi ikiisha, nako ni kwenye usalama wake mwenyewe. Bati litang’aa vilevile. Mwenye ghala aliyemwita mjomba wangu hakuwa mtu mbaya. Alimtafuta aliyesema bei ndogo na kwamba angemaliza kabla ya mvua. Sote tungefanya hivyo, na tumefanya hivyo.

Kwa hiyo ushauri wa Wakala unaanza kabla ya bei. Muulize fundi swali moja tu: “Ukiwa kule juu, utasimama juu ya nini?” Mwache ajibu. Fundi anayejua kazi yake atakueleza bila kukasirika: ataanza kutazama paa kutoka chini na kutoka ndani, atatafuta mabati ya mwanga kwa kutazama mwanga unapoingia, atayatia alama, ataweka mbao ndefu na pana zinazolala juu ya papi tatu au zaidi ili uzito wake ugawanyike, wala hatategemea bati lenyewe. Anayekujibu kwamba atatembea juu ya mstari wa misumari kwa sababu chini yake kuna papi, amekujibu nusu. Ni kweli papi iko pale, lakini huko ni kutembea juu ya kamba. Upepo ukivuma, au akiwa amebeba bati, mguu utatoka kwenye mstari. Na anayekujibu, “Mama, mimi nimezoea,” hajakujibu kabisa. Mjomba wangu alikuwa amezoea.

Swali la pili ni kama kazi hiyo inahitaji kupanda. Bati la mwanga lililopasuka mara nyingi linaweza kushughulikiwa kutoka chini, kwa jukwaa lililosimamishwa ndani. Ufa unaweza kutafutwa kwa kutazama darini na kumwagia maji kwa mpira kutoka nje, badala ya kutembeza mtu juu ya paa zima akisikiliza panapolia. Tangi la maji linaweza kuwekwa kwenye mnara wake pembeni ya nyumba. Mtu asiyepanda hawezi kuanguka. Hakuna mkanda wala kofia ngumu inayoishinda hesabu hiyo.

Juu ya mikanda ya usalama niseme kidogo tu, maana siku hizi inauzwa hata sokoni na imeanza kuwa pambo. Mkanda unafaa pale tu kamba yake imefungwa mahali imara panapoweza kuzuia mtu anayeanguka, na kamba iwe fupi kiasi kwamba hafiki chini. Mkanda uliofungwa kwenye papi iliyoliwa na mchwa utaanguka pamoja na mwenyewe. Na aliyening’inia kwenye mkanda ni lazima ateremshwe upesi, kwa kuwa kuning’inia kwa muda bila kusogea huzuia damu kurudi kutoka miguuni. Kwa hiyo kabla hajapanda, awepo mtu anayejua atamteremshaje.

Wale mnaojenga sasa mna bahati ambayo wenye nyumba za zamani hawana. Mnaponunua mabati ya mwanga, nunueni na wavu wa chuma ulio imara wa kutandazwa chini yake kabla hayajapigiliwa. Wakati wa kupaua ni kazi ndogo. Baada ya miaka kumi ni kazi kubwa yenye hatari ileile mnayotaka kuikinga. Mwambieni mpaka rangi asiguse mabati hayo. Chukueni picha ya paa kabla halijapata vumbi, muihifadhi pamoja na hati za nyumba, ili fundi atakayekuja baadaye, na pengine mpangaji au mwanao atakayemwita, ajue yaliko. Nafasi za kwenye zege ziwekewe uzio wa kufika kiunoni au kifuniko kizito kilichofungwa, na watoto wasifanye juu ya nyumba isiyokamilika kuwa uwanja wa kurushia tiara.

Sasa nije kwenye sheria, nami nitajitahidi nisiwachoshe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inambebesha mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, nayo husimamiwa Tanzania Bara na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi Julai 2015. Mchango wa Mfuko hutolewa na mwajiri mwenyewe; si halali kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mfanyakazi akiumia kazini hupata matibabu na malipo ya ulemavu kulingana na alivyoumia, na akifariki wategemezi wake wana haki zao. Lakini madai yana ukomo wa muda, kwa hiyo taarifa ya ajali itolewe mapema, na majina ya walioshuhudia yaandikwe wakati bado wanakumbuka.

Hapo ndipo penye pengo, na sitalificha. Ukiajiri kampuni yenye wafanyakazi wake, unaweza kuuliza kama imesajiliwa kwenye Mfuko, na kama ni mkandarasi, unaweza kuhakiki jina lake kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Lakini fundi uliyemchukua kijiweni kwa ujira wa siku, anayejitegemea, kwa kawaida hana mwajiri aliyemchangia. Akianguka, nyuma yake hakuna kitu isipokuwa ndugu zake. Mjomba wangu alipewa nauli ya kufikishwa hospitali na fedha kidogo za wiki mbili. Yaliyobaki yalikuwa ni mchango wa ukoo, kiwanja kilichouzwa, na binamu yangu aliyeacha chuo mwaka mmoja ili amuuguze. Sisemi kwamba kila mwenye nyumba awe bima. Nasema, unapomchukua fundi wa namna hiyo, ujue kwamba tahadhari unazozilipia kabla ndizo bima pekee aliyo nayo. Ongezeni gharama ya mbao na jukwaa kwenye bei kama kipengele chake chenyewe, iandikwe, na isiguswe katika kupunguziana.

Kama umeuziwa bidhaa kwa maelezo ya uongo, kwa mfano bati la mwanga kwa madai kwamba hukanyagwa, tunza risiti na maandishi yoyote ya muuzaji. Udanganyifu kwa mlaji unaweza kufikishwa kwa Tume ya Ushindani, na ubora wa bidhaa ni jambo la Shirika la Viwango Tanzania.

Na ikiwa ameshaanguka? Kosa letu kubwa ni huruma yenye haraka. Tunamnyanyua, tunamkalisha, tunampa maji, tunampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Aliyeanguka kutoka juu mchukulieni kuwa ameumia shingo au mgongo mpaka daktari aseme vinginevyo. Mwacheni alivyolala ikiwa hayuko kwenye hatari nyingine. Mtu mmoja amshikie kichwa kisigeuke. Zuieni damu kwa kukandamiza kwa kitambaa safi. Mfunikeni asipate baridi. Msimpe chakula wala kinywaji. Pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au kituo cha afya kilicho karibu. Gari likikosekana kabisa na ikawa hakuna budi kumhamisha, tumieni mlango au ubao mpana, wamnyanyue watu wengi kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, na gari liwe lile analoweza kulala. Wala asipande mwingine juu kwenda kutazama palipotoboka.

Kabla sijakaa, nijibu swali ambalo mama mmoja aliniletea kwa karatasi kabla ya mkutano. Ameuliza: afanye nini akirudi nyumbani na kumkuta fundi tayari yuko juu ya bati la mwanga? Mama, usipige kelele. Mtu aliyeshtuliwa hugeuka ghafla, na kugeuka huko kunaweza kumwangusha. Mwite kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida. Mwambie asimame asisogee, kisha alale polepole kifudifudi ili uzito wake usambae. Yeyote aliye ndani, chini yake, atoke. Kisha apitishiwe ubao mrefu ulale juu ya papi, ajivute kuufuata mpaka kwenye bati la chuma. Akifika chini, mpe maji, mwache akae. Habari ya bei mtaizungumza kesho.